Kumjengea kaburi mdogo wetu kabla ya Desemba: tuanzie wapi?

Mmarangu_wa_Juu:
Wakuu, habari zenu. Kitinda mimba wetu alifariki mwezi wa pili mwaka huu, akiwa na miaka 21. Tulimzika nyumbani kihambani, Marangu, karibu na kaburi la babu. Ukoo wote unapanda kuja nyumbani Desemba na mchungaji ameshakubali kuja kubariki kaburi, kwa hiyo tunataka liwe limekamilika.

Kwa sasa kuna msalaba wa mbao na tuta ambalo limeanza kubonyea katikati. La babu lilijengwa harakaharaka, sasa tailizi zimepasuka na upande mmoja umezama. La huyu binti tusingependa liishie hivyo. Je, udongo wa miezi hii michache unajengeka? Vifaa kiasi gani? Na picha yake tuiwekeje isifutike na jua? Shimo lilikuwa mita 2.1 kwa sentimita 80, jeneza likafukiwa na udongo moja kwa moja, hakukuwekwa mifuniko ya zege.

Fundi_Timazi:
Poleni sana mkuu.

Kaburi likizama upande mmoja, karibu kila mara ni kwamba zege lilikalishwa juu ya udongo uliofukiwa. Udongo huo hushuka mara mbili. Kwanza masika yanaposhindilia, hilo kwenu limeshapita. Halafu miaka kadhaa baadaye, mbao za jeneza zinapooza na mfuniko kuporomoka. Hiyo ya pili hakuna wa kuingoja, kwa hiyo jengeni kitu kisichoutegemea udongo wa shimoni kabisa.

Maana yake ni mkanda wa zege unaozunguka shimo, umekaa juu ya ardhi ambayo haikuchimbwa. Tafuteni ukingo halisi wa shimo kwa kukwangua udongo wa juu taratibu. Udongo uliofukiwa ni laini na rangi zake zimechanganyika, ule wa asili unagoma jembe. Msikadirie kwa kuangalia tuta, maana tuta huwa limetanuka. Kutoka ukingoni tokeni nje sentimita 25 kila upande, mkanda uende chini sentimita 20. Jumla ya nje inakuwa mita 2.6 kwa 1.3. Ndani ya mkanda nondo 4 za milimita 10, ringi (vyuma vya kuzifunga nondo pamoja) za milimita 6 kila sentimita 20.

Juu yake mnamwaga bamba la zege lenye unene wa sentimita 10, nondo za milimita 10 kila sentimita 20, pande zote mbili. Chini ya bamba tandikeni nailoni ili udongo usinyonye maji ya zege, na nondo ziinuliwe kwa vitofali vidogo vya zege vya sentimita 3. Nondo iliyolala juu ya udongo ni sawa na kutokuwepo, na itaoza.

Kwa vipimo hivyo zege ni kama mita za ujazo 0.7. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unachukua ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, ndoo ya lita 20, na maji lita 25 hivi. Nunueni mifuko 7, ya zege na ya plasta, na nondo 6 za milimita 10 za mita 12. Fundi akiongeza maji ili zege limiminike kirahisi mwambieni aache, hapo ndipo nyufa zinapoanzia.

Mwagilieni asubuhi na jioni siku 7, na lifunikeni kwa magunia yaliyolowa. Majani ya migomba yanafanya kazi vizuri pia. Tailizi zisiwekwe kabla ya wiki 4, zege bado linasinyaa na litazibandua. Kwa hiyo mwisho wa kuanza ni mapema Oktoba, vuli isije ikawakuta mtaro wa mkanda uko wazi.

Mgombani:
Fundi kasema sawa kuhusu mkanda, ila bamba mimi nisingeliweka. Wekeni mkanda tu, uinuke sentimita 15 juu ya ardhi, katikati pabaki udongo wazi wenye maua. Ukishuka mnajazia ndoo mbili tatu za udongo, mambo yamekwisha. Gharama inapungua karibu nusu, na kwa binti wa miaka 21 maua yanapendeza kuliko sanduku la tailizi.

Nje ya mkanda pandeni masale, kama wazee walivyofanya. Mizizi yake haina nguvu ya kuinua zege. Ila kama kuna mparachichi au mgrivelea ndani ya mita 3, amueni mapema nani anabaki.

Fundi_Timazi:
Hilo la Mgombani silipingi. Kwa udongo ambao haujafikisha mwaka ni wazo zuri kuliko langu. Hapo saruji mifuko 5 inatosha, kwa sababu mkanda umeinuliwa.

Mmarangu_wa_Juu:
Nimemsomea mama, amechagua maua bila kufikiri mara mbili. Sasa jiwe la jina litasimama wapi kama katikati ni udongo?

Fundi_Timazi:
Juu ya mkanda wa kichwani. Upande huo tu panueni mkanda kwenda nje hadi sentimita 45, na kabla ya kumwaga zege simamisheni nondo 2 za milimita 12, zichomoze sentimita 40. Jengeni kiegemeo cha zege kuzizunguka, kilale nyuma kidogo ili maji ya mvua yateremke. Nondo zikisahaulika, jiwe litakuwa limebandikwa kwa plasta tu, na siku mtoto akiliegemea linamwangukia.

Nakshi_na_Jiwe:
Niongezee upande wa jiwe na picha.

Chukueni graniti nyeusi, sentimita 60 kwa 40, unene 2. Hiyo ina kilo 13 hivi, watu wawili wanaipachika bila shida. Marumaru nyeupe ni nzuri dukani, lakini vumbi jekundu la Kilimanjaro likirushwa na matone ya mvua linaacha baka lisilotoka. Hata kwa graniti, mwageni kokoto upana wa sentimita 30 kuzunguka kaburi, tope lisiruke.

Picha ya karatasi iliyowekewa kioo msijaribu. Unyevu unaingia pembeni, jua linakula rangi nyekundu kwanza, na uso unabaki wa samawati. Kuna njia mbili za kudumu: picha iliyochomwa kwenye kauri, inabaki na rangi, au kuchorwa kwa leza moja kwa moja kwenye graniti, inakuwa nyeusi na nyeupe. Kwa leza chagueni picha aliyopigwa kivulini mchana, mwanga umetokea upande mmoja, nywele zisigusane na ukuta mweusi. Ya kauri ya sentimita 13 kwa 18 inahitaji kama pikseli 1,500 kwa 2,100. Itumeni kama faili kutoka kwenye simu iliyopiga, maana picha iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp imeshabanwa.

Maandishi: jina lisipungue sentimita 2.5 kwa urefu, mengine 1.5. Mwezi uandikwe kwa herufi, si namba. Herufi za jina zilinganisheni na cheti cha kuzaliwa, kisha mfanyeni fundi achape mfano kwenye karatasi yenye ukubwa uleule wa jiwe, usomwe na mama pamoja na mtu mwingine mmoja kabla kisu hakijagusa. Na andikeni kwanza yeye ni binti wa nani, ndipo ndugu mfuate. Kwenye makaburi mengi ya vijana ndugu wanaandika "mdogo wetu mpendwa" na kuwasahau wazazi, nao wapo hai na ndio watakaofika pale kila Jumapili.

Kupachika ni kwa gundi ya epoksi pamoja na pini 2 za chuma kisichoshika kutu. Kuosha ni maji na sabuni ya unga kidogo kwa kitambaa. Steelwire isikaribie.

Mgombani:
Picha ya kauri waambie waitoboe tundu kabla ya kuchoma. Ukitoboa baadaye inaweza kupasuka.