MREJESHO: Lile jino la kupandikiza lililolegea

Wapendwa, nilikuja kuuliza: jino langu la kupandikiza linacheza na fizi inatoa usaha, litashika tena au ndiyo basi? Ahsanteni nyote mlionijibu.

Nilimfuata dada aliyesema nipige eksirei kwanza, maana huenda ni kofia ya juu tu imelegea, na hiyo hukazwa yakaisha. Langu halikuwa hilo. Skrubu yenyewe ya titani, ile inayozamishwa kwenye mfupa wa taya kama mzizi, ndiyo iliyokuwa ikicheza, mfupa unaoizunguka umeliwa. Daktari, hapa hapa Mombasa, akasema ikifika hapo haikazwi, hutolewa. Ganzi, dakika chache, ikatoka. Kung'olewa gego kuliniuma zaidi, wallahi.

Maji ya chumvi yalituliza fizi, ila kukaza jino hayawezi. Na kaka uliyeniambia nipime sukari, Mungu akulipe: kweli iko juu, na sukari ikipanda kidonda huchelewa kupona na mfupa hushika kwa shida. Nimeanza dawa.

Kilichoshindikana ni kuwekewa jipya papo hapo. Fizi ilipotulia nilitiwa unga wa mfupa kujazia palipoliwa, nao unataka miezi kadhaa ndipo wapime upya. Kwa sasa navaa jino la kuvua. Mahamri nakula bila taabu, mishkaki natafuna upande wa pili.

Ulizeni mapema kama kutoa na kurudishia vimo kwenye bei ya kwanza. Mimi kutoa sikulipishwa, unga nililipa mwenyewe.