Kopo lililobonyezwa kitako: Mkristo afanyeje sokoni?

Mama muuzaji, Bukavu: Shalom, wapendwa. Ninauza maharagwe katika soko la Kadutu, ambako baadhi ya wenzangu hupimia kwa kopo lililobonyezwa kitako, bei yao ikaonekana nafuu kuliko yangu ilhali mteja hupata pungufu. Je, nikiendelea na kopo zima, nitawalisha watoto nini?

Mzee wa kanisa, Goma: Mama, Walawi 19:36 hudai mizani na vipimo vya haki, na neno hilo linatuhusu sisi wachuuzi hasa. Usishushe bei, bali mwoneshe mteja kitako cha kopo lako kabla ya kupima. Mimi nilifanya hivyo kwa unga wa muhogo, na miezi ya kwanza (sitakuficha) ilikuwa michungu.

Dada mshonaji, Lubumbashi: Mzee amesema vyema, lakini waliokwisha kupunjwa je? Zakayo, katika Luka 19:8, aliahidi kurudisha mara nne.

Mama muuzaji, Bukavu: Swali hilo linanichoma, dada, maana mwaka jana nami nilikuwa na kopo la namna hiyo. Wateja wawili ninawafahamu. Nitaanza nao kesho.