Majirani wa Sofia, Busia

Mama Rehema 06:12
Habari za asubuhi majirani. Fundi wa bayogesi, gesi ya kupikia inayotokana na mavi, anakuja Jumamosi kupima pa kuchimba kwa Hajji. Nataka majina ya watakaochangia leo leo. Ng'ombe ni watatu na wanalala zizini, mavi hayapotei. Kila asubuhi ndoo ya mavi kwa ndoo ya maji, basi.

Mama Rehema 09:40
Tiki za buluu naziona. Jibuni jamani.

Baba Sharifu 09:58
Ugali hautanuka zizi? 😂

Wandera 09:59
Chapati ladha ya ndama 😂😂

Mama Rehema 10:03
Moto wake ni wa buluu, hauna moshi. Ukisikia harufu ya mayai viza ujue bomba linavuja. Biashara ya makaa ya kaskazini mwa Uganda imepigwa marufuku tangu 2023, mnangoja nini? Macho yangu yamechoka na sigiri.

Mama Kevini 11:20
Maganda ya matoke na mabaki ya hotelini kwangu yataingia?

Mama Rehema 11:22
Yataingia, yakatekate kwanza. Ila mafuta ya kukaangia na maji ya sabuni usimwage humo, vijidudu vinavyotoa gesi vitadhurika.

Baba Sharifu 12:31
Sawa. Na hela za kisima?

Wandera 12:33
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Rehema 12:34
Baba Sharifu, tusichanganye mambo.

Mama Kevini 12:40
Kwa nini tusichanganye? Simenti ilibebwa usiku.

Isma 13:05
Nani ana chaja ya pini nyembamba

Hajji 16:47
Nimesoma yote. Uwanja ni wangu, chimbeni. Lakini daftari la kisima lifike barazani kwangu kabla jembe halijagusa ardhi. Aliyelishika anajijua. Na tope la mbolea litakalotoka lisiuzwe, lianzie migomba ya Bibi Nekesa. Alitoa njia ya maji, hakuna aliyemshukuru.

Baba Sharifu 16:55
Sawa mzee wetu.

Mama Rehema 19:20
Asante Hajji. Sasa fundi aje au asije? Gesi huchukua wiki kadhaa, na ya kwanza haishiki moto, huachiwa itoke. Tukivutana, Ramadhani itatukuta na makaa.

Mama Kevini 21:02
Niandike. Pesa mwisho wa mwezi.

Baba Sharifu 22:15
Daftari kwanza.

Isma 22:16
Jumamosi si kuna mechi?

Wandera 23:40
Hajji, nitapita kwako kesho asubuhi.

Mama Rehema 23:41
Saa ngapi? Fundi anataka jibu.