Naomba ushauri: nipunguze vipi kushika simu bila kupoteza wateja?

Habari zenu wakuu. Nauza vitenge Kariakoo, na wateja wangu wengi wa mikoani wanaagiza kwa WhatsApp: natuma picha, wanachagua, wanalipa, mzigo unapanda basi. Kwa hiyo kuizima simu moja kwa moja siwezi. Shida ni kwamba nikimaliza kumjibu mteja nahamia kwenye status, kisha video fupi, nikija kushtuka saa nzima imekatika.

Nyumbani ndiyo mbaya zaidi. Binti yangu wa darasa la pili ananisomea kitabu, mimi naitikia "ehe, ehe" huku macho yako kwenye kioo. Juzi alikifunga akaenda kumsomea bibi yake. Iliniuma sana.

Nimeshazima milio ya magrupu na kugeuza kioo kiwe cheusi na cheupe. Mchana imesaidia kidogo, usiku hakuna kitu.

Sasa nafikiria kununua kitochi (simu ndogo ya vitufe), jioni naihamishia laini humo na simu kubwa inabaki dukani. M-Pesa si tatizo, *150*00# inafanya kazi bila intaneti. Aliyewahi kufanya hivi, wateja wa usiku uliwazoesha vipi? Na grupu la wazazi wa shule je?