Mafunzo ya bweni kwa watenda kazi wa vijana, wiki 10: siku ipangweje?

Katibu_Vijana_Jimbo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Halmashauri ya jimbo letu (Nyanda za Juu Kusini) imepitisha tuanze mafunzo ya bweni kwa vijana 16, wa kike 8 na wa kiume 8, wenye umri wa miaka 19 hadi 25. Wakirudi kwenye sharika zao watasimamia vikundi vya vijana, shule ya Jumapili na vipindi vya dini kwenye sekondari za jirani. Muda ni wiki 10. Tuna mabweni mawili, ukumbi, jiko la kuni na kisima. Walimu wa Biblia tunao. Kinachonisumbua ni maisha ya kila siku: tuanze mwezi gani, ratiba iweje, chakula kiasi gani, mazoezi mashuleni yaendeshwe vipi, na simu tuzikusanye au tuwaachie? Naomba wanaoifahamu kazi hii wanijibu kwa undani kadiri wanavyoweza.

mlezi_wa_kituo

Amina, mtumishi. Nianze na mwezi, maana hapo wengi hukwama hata kabla ya kufungua geti. Waliomaliza kidato cha nne wanapatikana kuanzia Desemba hadi Juni. Julai wanaochaguliwa wanaripoti kidato cha tano. Wa kidato cha sita wana mtihani Mei, kisha wengi wanaitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo katikati ya mwaka usiwategemee. Wasio shuleni wako shambani: huko kwenu Desemba na Januari ni kupanda na kupalilia, Mei hadi Julai ni kuvuna. Inabaki katikati ya Februari hadi mwishoni mwa Aprili. Ndani ya kipindi hicho kuna Pasaka, kwa sababu huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na makongamano ya wanafunzi ya Pasaka ni mahali pazuri mno pa kuwapeleka wakasaidie usajili, zamu za usiku na vikundi vya mafunzo. Ubaya wa miezi hiyo ni mvua. Kuni zinunuliwe Oktoba, zipasuliwe, zipangwe chini ya paa. Mpishi akipikia kuni mbichi, uji unachelewa saa nzima na ratiba yote ya siku inasogea.

Ratiba iliyo imara ni hii: kuamka saa 11:30 alfajiri, sala na kusoma Neno kila mtu peke yake saa 12 hadi 12:40, usafi na kuchota maji, uji saa 1:30. Darasa la kwanza saa 2:15 hadi 4:15, chai, darasa la pili saa 4:45 hadi 6:45. Chakula saa 7, kupumzika mpaka saa 9. Saa 9 hadi 11 ni vitendo tu: kuandaa vipindi, kufundishana, michezo ya watoto, bustani. Saa 1 usiku chakula, saa 2 tathmini ya siku na maombi, saa 4 taa zizimwe.

Usiongeze darasa la tatu mchana. Kila mkufunzi mgeni atakuomba "saa moja tu", na ukikubali wiki mbili mfululizo vitendo vimekufa. Utahitimisha vijana wenye madaftari mazuri wasioweza kusimama mbele ya watoto 40.

Jambo la pili ni mkesha. Vijana watataka mkesha kila Ijumaa, na hakuna anayetaka kuonekana anazuia maombi. Weka miwili kwa wiki zote 10, na siku inayofuata isiwe na kazi kabla ya saa 4 asubuhi. Kufunga vivyo hivyo: kuwe na siku iliyopangwa, na mlezi ajue mapema nani ana vidonda vya tumbo na nani anatumia dawa. Mapumziko ya wiki yawe Jumatatu, si Jumapili, kwa sababu Jumapili kwao ni siku ya kazi tangu asubuhi.

Zamu za jikoni, kuni na kudeki ziwe za mchanganyiko, wa kike na wa kiume pamoja. Mkiwaachia dada jiko na kaka vyombo vya muziki, hicho ndicho watakachokwenda kukijenga usharikani.

Simu: zikusanywe asubuhi, zirudishwe saa 11 hadi saa 1 jioni. Kila simu kwenye bahasha yenye jina, sahihi ya kutoa na ya kupokea, na kabati lenye funguo mbili.

stoo_na_jiko

Shikamooni wakubwa. Mimi niseme ya stoo.

Hesabu watu 19: vijana 16, walezi 2, mpishi 1. Mtu anayefanya kazi za mkono anakula unga wa ugali gramu 300 kwa mlo, kwa hiyo kilo 5.7 kwa mlo mmoja, sema 6. Ugali mara moja kwa siku kwa siku 70 ni takriban kilo 400 za unga. Wali ni mchele gramu 200 kwa mtu, kilo 4 kwa mlo. Maharage makavu gramu 120 kwa mtu, kilo 2.3 kwa mlo. Mkila mara 5 kwa wiki ni kilo 115 kwa wiki 10. Uji wa asubuhi lita 10 unataka unga kilo 1 na sukari kama gramu 700.

Njia inayopunguza gharama sana ni kila usharika kuleta mazao pamoja na kijana wake. Debe la mahindi ni kama kilo 18. Kila kijana akija na debe moja na nusu, una kilo 432. Sageni dona. Mkikoboa sembe, sehemu kubwa inatoka kama pumba na hamfiki wiki ya 8. Mahindi yapimwe siku ya kupokelewa na yaandikwe kwenye leja, halafu yang'atwe: punje ikikatika kwa mlio imekauka, ikiwa laini ianikwe siku 2 au 3 juu ya turubai kabla ya kuingia stoo. Yenye ukungu yarudishwe, hata kama aliyeyaleta ni mzee wa kanisa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika.

Maharage yalowekwe usiku na maji ya kulowekea yamwagwe. Kuni zinapungua na matumbo yanatulia. Maji: ndoo ya lita 20 kwa mtu kwa siku, achilia mbali ya jikoni, na ya kunywa yachemshwe jioni yapoe usiku. Kuhara kukiingia bweni moja, wiki nzima ya mafunzo imepotea. Kibuyu chirizi (chombo cha kunawia kinachotiririsha maji kidogo kidogo) na sabuni viwekwe mlangoni mwa choo. Vikiwekwa mbali hakuna atakayevitumia usiku.

mwalimu_mlezi_wa_kikundi

Bwana asifiwe. Kwenye mazoezi mashuleni ndipo mafunzo haya yanapimwa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Barua iende kwa mkuu wa shule wiki tatu kabla, kwa muhuri wa usharika, ikiwa na majina ya watakaoingia, siku, saa na mada. Nakala apewe mwalimu mlezi wa kikundi cha dini. Wakuu wengine watataka kibali cha Afisa Elimu, basi muulize mapema. Uliza pia tarehe za likizo fupi na mitihani ya katikati ya muhula, vinginevyo wiki mbili zitakupita bila mwanafunzi darasani. Wapelekeni wawili wawili, shule ileile, kila wiki, angalau wiki 6. Kubadilisha shule kila wiki kunawazoesha kuhubiri tu: hawajui jina la mwanafunzi hata mmoja.

Kipindi ni dakika 40. Wimbo na salamu 5, swali la kufungulia 3, kusoma kifungu mara mbili 4, kujadili kwenye vikundi vya watu 8 dakika 15, kukusanya majibu 8, jambo moja la kufanya wiki hii na sala 5. Kijana asiyefundishwa atatumia dakika 30 akisema mwenyewe. Mwenzake akae nyuma na saa, aandike mawili tu: dakika alizosema kiongozi, na idadi ya wanafunzi waliofungua kinywa.

Kuandaa maswali kufundishwe kwa mkono, kifungu kimoja kwa siku mbili. Chukueni Marko 2:1-12, habari ya mwenye kupooza. Wengi wataandika swali kama "Je, Yesu ana uwezo wa kusamehe dhambi?" Darasa litaitikia "ndiyoo!" kwa sauti moja na swali limekufa. Waambie warudi kwenye maandishi: walimbeba watu wangapi? Walizuiwa na nini? Mstari wa 5, Yesu aliiona imani ya nani? Hapo karibu kila mara jibu la kwanza litakuwa "ya mgonjwa". Kiongozi asisahihishe, aseme "soma tena mstari huo kwa sauti". Watakuta ni imani yao, wingi. Sasa ndipo swali la maisha linaingia: darasani kwenu nani amekwama, na nani watamshika pembe nne za godoro? Utaratibu ni huo: maswali 4 ya kuona, 2 ya kuelewa, 1 la kutenda. Kijana akileta maswali matano ya kutenda, hajakisoma kifungu.

Tahadhari moja kubwa. Kikundi cha UKWATA (Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania) kina watoto wa makanisa mbalimbali. Ubatizo wa watoto wachanga, kunena kwa lugha, siku ya kuabudu, hayo yasiguswe kwenye kipindi. Mwanafunzi akiuliza, ajibiwe kwa heshima kwamba makanisa yanatofautiana hapo na aende kwa mchungaji wake. Lalamiko la mzazi mmoja linatosha kufunga shule hiyo kwa miaka.

Tathmini ifanyike siku hiyohiyo, dakika 20. Aanze aliyefundisha, mwenzake aseme mawili yaliyokwenda vizuri, mkufunzi ataje moja la kurekebisha. Moja. Ukimpa makosa saba, wiki ijayo atakuja na woga na hata lile moja hatalirekebisha.

Kuhusu simu natofautiana na mlezi_wa_kituo, kwa heshima. Nusu ya kazi ya vijana sasa iko kwenye makundi ya WhatsApp, na hawa wakirudi nyumbani hakuna wa kuwakusanyia simu. Darasani zizimwe, usiku ziachwe ukumbini zikichajiwa, na wiki ya 4 iwe na somo zima: kuendesha kundi, saa za kunyamaza, kutosambaza jumbe zisizo na chanzo, kutotuma picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

mlezi_wa_kituo

Hilo la simu kukaa ukumbini usiku nalikubali. La darasani, kwa wiki mbili za kwanza bado ningezikusanya, mpaka wazoee ratiba.

Katibu_Vijana_Jimbo

Mungu awabariki sana. Nina hofu moja zaidi. Kijana wa miaka 20 anakwenda kulea wanafunzi wa kidato cha pili. Mipaka tuiwekeje bila kuwafanya waogope kuwasaidia?

ustawi_na_malezi

Dada, swali hilo liwe somo la siku ya tatu, lisisubiri mwisho, na pasiwe na anayekwenda shuleni kabla ya kulipitia na kutia sahihi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa kumpa mwanafunzi mimba. Wasomewe wazi hivyo, wa kiume na wa kike. Kisha kanuni zenyewe, ziwe chache zinazokumbukika. Mazungumzo ya faragha na mtoto yafanyike mahali panapoonekana, chini ya mti au ukumbini mlango ukiwa wazi, na mwenzake akijua. Hakuna kumbeba mwanafunzi mmoja kwenye bodaboda. Hakuna ujumbe binafsi baada ya saa 2 usiku. Hakuna zawadi ya siri, hata vocha. Safari yoyote inataka fomu ya mzazi yenye namba ya simu na taarifa ya ugonjwa au mzio.

Mtoto akisema ameumizwa: asikilizwe, asihojiwe kama polisi, asiahidiwe siri, na asiambiwe asamehe kwanza. Kijana aandike maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, tarehe na saa, ampelekee mlezi siku hiyohiyo. Kutoka hapo ni Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu 116 ni ya bure kwa huduma kwa mtoto. Kinachoharibu mambo ni kulipeleka jambo kwenye kikao cha wazee likamalizwe kifamilia. Ushahidi unapotea, na mtoto anabaki nyumba moja na aliyemuumiza.

Waigize hali hizo kwa zamu, dakika 10 kila moja. Ulimi unakuwa mzito mara ya kwanza. Afadhali uwe mzito kwenu ukumbini.

mlezi_wa_kituo

Naongeza la kuwachagua na la kuwarudisha, kwa kuwa yanakwenda pamoja. Msipokee kijana kwa barua ya mchungaji peke yake. Awe ametumika mwaka mzima, kwaya au shule ya Jumapili, na baraza la wazee liandike kazi atakayokabidhiwa akirudi: kikundi kipi, siku gani, nani msimamizi wake, nauli yake inatoka mfuko gani. Wachungaji huhamishwa, makubaliano yakiwa ya mdomo yanahama nao, na kijana anaishia kupanga viti.

Wengi watajitolea bila posho, kwa hiyo mchana mmoja kwa wiki uwe wa kazi ya kipato: kuku wa kienyeji, cherehani, mboga, na daftari la mapato na matumizi. Daftari hilohilo watalitumia kwa michango ya kikundi: stakabadhi kwa kila pesa, watu wawili kuhesabu. Watembeleeni mwezi wa 1, wa 3 na wa 6, mkae nyuma kwenye kipindi chake na ile karatasi ya dakika, kabla hamjaingia ofisini kwa mchungaji kusalimia.