Naomba ushauri: nataka kukata kitambi bila kupoteza misuli

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 34, kilo 91, nanyanyua vyuma mara nne kwa wiki. Kifua na mikono vimejaa vizuri, ila kitambi hakisogei.

Mwezi uliopita niliacha ugali na wali kabisa. Kilo 4 zikatoka, nikafurahi, mpaka siku niliyolala kwenye benchi na zile kilo 80 ninazosukuma mara nane: nikasukuma tatu tu, mikono inatetemeka. Shati limepwaya mabegani, mkanda uko tundu lile lile!

Naambiwa nilenge protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 145 hivi kwa siku. Yai moja lina gramu 6 tu. Nyama kila siku mfuko hauruhusu, protini ya kopo ndiyo kabisa. Nategemea mayai, maharage na dagaa wa Mwanza (mke wangu ameshaanza kulalamikia harufu).

Je, nirudishe ugali kidogo siku za mazoezi, au nianze na kupunguza mafuta ya kupikia? Na kutokula hadi saa saba mchana hakutanimalizia misuli? Aliyepita njia hii anitajie alikuwa anakula nini, asubuhi hadi usiku.