Jeshi likikuamuru uvae hivi, hela ya fundi atoe nani?

Fundi wa Mchikichini (mleta mada):

Wadau habari za muda huu. Naleta hii mada najua kwa walioko nyumbani itaonekana ya mbali, ila sisi tulioko huku Texas, hasa Killeen, ambako huwezi kupanga foleni ya mkate bila kuwa nyuma ya mtu mwenye gwanda, hii ni hela inayotoka mfukoni kila kukicha. Na Waswahili jeshini sio wachache, wengine waliingia na ule mpango wa MAVNI ulioanza 2009 wa kuchukua wageni wenye lugha zinazohitajika, Kiswahili kikiwemo, mpaka ukasimamishwa 2016, na wengine wameingia na green card zao.

Swali ni hili: ile gharama ya kufiti sare za sherehe za jeshi la Marekani, kupunguza, kurefusha, kubandua nembo na kushona nyingine, alipe askari au alipe jeshi?

Msimamo wangu nautoa mapema. Alipe aliyeagiza. Na nasema hivyo wakati hiyo hela ndio inanilisha, maana mimi ni fundi. Cherehani nimeanza nayo pale Mchikichini Ilala nachonga suruali za mitumba, leo niko kwenye duka la mama mmoja Mkorea nje ya geti la kambi (haya maduka mengi yanayozunguka kambi za huku ni ya Wakorea, akina mama walioolewa na wanajeshi waliokuwa wanatumikia kule kwao, na niwaambie wale mama wana mkono, usicheze nao).

Sasa watu wengi wakisikia "kufiti sare" wanafikiri ni kupiga pindo la suruali ukaondoka. Gwanda la kazi la kila siku halina shida kabisa, jina na nembo na cheo vyote vinabandikwa kwa velkro, ukihama kikosi unabandua pyaaa unabandika kingine. Shida iko kwenye hii sare mpya ya kijani, ile iliyotangazwa tarehe 11 Novemba 2018, wameiga ya maofisa wa vita ya pili ya dunia, koti la kijani kilichokoza na suruali ya rangi ya udongo. Inapendeza, sibishi. Ila kila kitu juu yake kinashonwa. Nembo ya kikosi bega la kushoto inashonwa. Kama umeenda vitani na kikosi, nembo yake bega la kulia nayo inashonwa. V za cheo mikono yote miwili zinashonwa. Mstari wa utumishi, mmoja kwa kila miaka 3, mkono wa kushoto. Vile vijistari vya kukaa uwanja wa vita, kimoja kwa kila miezi 6, mkono wa kulia.

Juzi kaja dogo, Mkenya, katoka koplo kawa sajenti na hapo hapo kahamishiwa kikosi cha 1st Cavalry. Mnaijua nembo yao? Ngao ya njano yenye mkanda mweusi na kichwa cha farasi, ni miongoni mwa nembo kubwa kuliko zote jeshini, inakula nusu ya mkono wa juu. Kwanza nifumue V mbili mbili za zamani, hapo unatembea na wembe taratibu kama unanyoa mtoto, maana kitambaa ni sufu na poliesta, ukiteleza umetoboa koti la watu. Ukishafumua vinabaki vitundu vya sindano, unapiga mvuke mpaka vizibe. Halafu nembo lazima ikae nusu inchi chini ya mshono wa bega, katikati, na koti lina bitana ndani, ukishona juu juu ukakamata na bitana mkono unavutika, mtu akinyoosha mkono kupiga saluti koti lote linapanda. Kwa hiyo unafungua bitana kwa ndani, unashona, unarudi kufunga bitana kwa mkono. Hapo sijagusa urefu. Kanuni inataka mkono wa koti uishie inchi 1 chini ya kile kifupa cha kifundo cha mkono, na mistari ya chini yote vipimo vyake vinahesabiwa kuanzia kwenye pindo, maana yake ukipandisha pindo tu, mistari yote ishakaa vibaya, fumua tena. Suruali nayo pindo lake linakatwa mshazari, mbele linagusa juu ya kiatu nyuma linashuka.

Kwetu suruali ni dola 15 mpaka 20, mikono ya koti lenye bitana 35 kwenda juu, nembo na V bei ni kwa kila kipande. Yule dogo alipoona jumla aliniangalia kama mimi ndio nimempandisha cheo ili nimuuzie.

Ndo nauliza sasa, yule dogo kosa lake nini? Hakunenepa. Hajachana nguo. Jeshi limempandisha, jeshi limemhamisha, jeshi limeandika kwenye kitabu inchi ngapi, na likimkuta kwenye ukaguzi imezidi robo inchi jeshi hilo hilo linamfokea. Mnasemaje?

V Tatu:

Fundi, heshima yako, lakini hapa umeongea kama mtu wa nje. Mimi niko ndani miaka mingi na nimevaa zote. Kwanza kuruti anapewa hiyo sare bure na inafitiwa bure akiwa mafunzoni, hiyo hukusema. Pili kuna pesa ya nguo, kila mwaka inaingia kwa account mwezi ule ulioapa, mia kadhaa za dola, na haikatwi kodi. Sasa ati vijana wanaenda kununulia rim za gari halafu bodi ya promotion ikifika wanakimbia kwa fundi na machozi. Tatu, 2025 hawa wadogo kutoka E-1 hadi E-4 wameongezwa mshahara asilimia 14.5, pesa ambayo sisi hatukuiona tukiwa cheo hicho. Na mwisho, serikali ikianza kulipa, hiyo dola 35 yako itakuwa 70 kesho yake, wewe mwenyewe unajua. Nunua sindano, shona. Mimi V zangu za kwanza nilishona mwenyewe barracks na nilipita bodi.

Dada Luteni:

Mkuu V Tatu nakuheshimu ila pesa ya nguo unayoisema ni ya nyinyi wa V, askari msio maofisa. Sisi maofisa kwa miaka mingi tumekuwa tunapewa dola 400 mara moja tu unapoingia basi, baada ya hapo ni wewe na mfuko wako mpaka unastaafu. Utasema mshahara wetu mkubwa sawa, lakini luteni wa pili aliyetoka chuo juzi na mkopo wa shule sio tajiri.

Na hakuna aliyegusa wanawake. GAO, wale wakaguzi wa Bunge la Marekani, Februari 2021 walitoa ripoti yao wakasema kabisa kwamba gharama za sare zinazotoka mfukoni hazilingani na wanawake wanaumia zaidi. Sababu moja ni namna wanavyopiga hesabu, ile hela ya kila mwaka inaangalia vile vitu wanavyoviita vya kijeshi tu, vingine vinaachwa, na vya wanawake vinavyoachwa ni vingi. Sasa ongeza fundi. Koti la kike likikufiti kifuani linakuwa gunia kiunoni, likikufiti kiunoni vifungo vinalia. Mimi nimejifungua mara mbili nikiwa kazini, mwili haurudi palepale, na hapo uniambie nimenenepa kwa uzembe wangu?

Mzee wa Temeke:

Nasoma nacheka. Huku bongo raia akikutwa na kitambaa cha jeshi ni kesi, fundi wa mtaani hata akiletewa suruali ya mjeda kupunguza anaangalia kushoto kulia kwanza. Nyie mnabishania dola 35. Ila swali langu, hiyo sare wanavaa mara ngapi kwa mwaka?

Fundi wa Mchikichini:

Mzee shikamoo. Inategemea, ukiwa kikosi cha kawaida ni mara chache, sherehe, mazishi, bodi. Ila hiyo ndio inauma zaidi, kitu unavaa mara chache halafu kila ukikitoa kabatini kuna cha kubadilisha.

V Tatu kaka yangu twende moja moja. Kufitiwa bure mafunzoni ni kweli na ningeliandika. Lakini unamfitia nani? Mtoto wa miaka 18, 19, mazoezi yamemkamua kabaki mifupa, baada ya mwaka anakula vizuri ananyanyua vyuma bega linatanuka, na bega ndio sehemu ya koti isiyopunguzika wala kuongezeka kirahisi. Na hili koti la kijani lina mifuko minne na mkanda wa kitambaa kiunoni, ukilibana ubavuni sana mifuko inaangaliana vibaya. Kwa hiyo ile fiti ya bure inakaa muda mfupi.

Hela ya nguo, hapo ndipo tunapishana kabisa. Ile hela inapigwa kwa bei ya nguo na muda inaotarajiwa kudumu, yaani koti likichakaa ununue koti. Kufumua V ili ushone V sio kuchakaa. Halafu mbona mnasahau historia, sare ya kijani ya zamani iliondolewa 2015, watu wakaambiwa sasa ni bluu, wakanunua bluu wakafiti bluu, miaka mitatu baadaye wanaambiwa inakuja kijani nyingine na kwamba ifikapo 2028 kila mtu awe nayo, bluu ibaki ya sherehe kubwa. Na tangazo lilijisifu kabisa kwamba mlipa kodi hataongezewa senti. Haya, kama mlipa kodi haongezi, na kiwanda hakitoi bure, na mimi fundi sishoni bure, nani kabaki?

Kujishonea sikatai, V unaweza. Nimeletewa kazi nyingi za watu waliojishonea wenyewe nikazifumua nikazirudia, wamelipa mara mbili. Lakini wapo wenye mkono, hongera kwako.

Ila la bei kupanda umenibana, na hapo ndio nataka tujadili badala ya kurushiana. Ni kweli serikali ikisema "tutalipa chochote", maduka yatakula. Mimi napendekeza vocha. Barua ya kupandishwa cheo au ya uhamisho ikitoka, itoke na vocha yenye kiwango kilichoandikwa, kwa kipande, ya kwenda duka lolote ndani au nje ya geti. Ukinenepa, ukitaka koti lishike kiuno kama la mwanamitindo, hiyo lipa mwenyewe, hata mimi nakuunga mkono. Na aliyejifungua aingie kwenye vocha, hilo Dada Luteni amelisema vizuri na mimi sikuliwaza.

V Tatu:

Vocha naweza kuikubali kwa promotion na transfer peke yake. Kwa uzazi pia, sawa, bibi yangu angenipiga nikikataa. Lakini makaratasi ya jeshi unayajua wewe? Hiyo vocha itafika sherehe ikiwa imeisha na wewe fundi utangoja malipo miezi. Utakubali kumshonea mtu leo ulipwe krismasi?

Dada Luteni:

Na maofisa mmetuacha tena.

Fundi wa Mchikichini:

Luteni haujaachwa, vocha inafuata barua ya cheo, na luteni naye anapandishwa. Kwako kazi ni ndogo hata, cheo chako kinakaa begani hakishonwi mkononi, ila nembo ya kikosi iko palepale.

V Tatu hilo la kungoja malipo nimeenda kumuuliza mama mwenye duka. Amesema akilipwa ndani ya mwezi atapokea vocha, ikizidi hapo hapokei, na ameshika mkasi wakati anasema kwa hiyo sikubisha. Sasa nataka wale wa Guard na Reserve, yaani askari wa muda na wa akiba, mnijibu, maana nyinyi hampewi hela ya nguo mkononi, mnabadilishiwa nguo kwa nguo. Mkipandishwa cheo, V mnashonewa na kikosi au mnakuja kwa sisi sisi? Kama huko inafanyika tayari basi hatuna haja ya kubuni vocha, tuchukue utaratibu wenu.